Kichwa cha Mke wa Wakili

Mama Kitana amesuka nywele kwa miaka arobaini na moja, na ukimkuta na mteja kitini utasikia vicheko kabla hujafika mlangoni. Ana maneno. Bwana mmoja aliyekuja kumharakisha mchumba wake aliambiwa atulie, la sivyo naye atasukwa. Lakini kuna kichwa kimoja ambacho akikikumbuka kicheko humkatika.

Alianzia barazani mwa duka la vitambaa, akiwa mjane mwenye watoto wawili. Si kwamba alikuwa mvivu wa kutafuta chumba. Sheria ya wakati huo haikumruhusu mwanamke kuandikisha duka bila sahihi ya mume, baba au kaka. Mume alikuwa kaburini, baba vilevile, kaka hakuwa naye, na shemeji yake alisema angemtafutia njia akikubali kuwa mke wake wa pili. Basi akasukia barazani. Askari wa manispaa wakitokea, alijitwika kiti na kutimua mbio, mteja akimfuata nyuma, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

Aliyewatoa hapo wanawake wa mabarazani ni mtu mmoja ambaye mji mzima ulimwita Wakili. Aliichukua kesi yao ya kuipinga sheria ile bila malipo, akaibeba miaka tisa. Alifungwa mara mbili. Alipotoka mara ya pili alikuwa amekonda hadi koti lilimpwaya kama la kuazima, na kesho yake akaenda mahakamani. Mama Kitana alimwombea kila siku, na hilo halisemi kwa kutia chumvi.

Mke wa Wakili alikuwa mteja wake. Alikuja Jumamosi asubuhi, kila baada ya wiki mbili, mwanamke mrefu, mpole, aliyependa kumwita Mama Kitana "mdogo wangu". Siku moja, akigawa mistari, kidole cha Mama Kitana kilipita juu ya uvimbe nyuma ya sikio. Akauliza. Mwenzake akasema amejigonga kwenye kabati. Miezi miwili baadaye alikuta mahali pana kama kifuniko cha chupa, nywele zimeng'olewa, ngozi bado mbichi. Safari hii hakuuliza, ila mkono wake ulisimama, na mke wa Wakili akauona kwenye kioo.

"Kabati letu lina hasira," alisema, akitabasamu kidogo. Kisha akashusha sauti. "Ngoja kesi iishe, mdogo wangu. Wakijua sasa, kesi yenu itakufa pamoja na jina lake."

Mama Kitana akangoja. Akajifunza kulaza mistari ili ifunike palipong'oka, hata wanawake wengine wakaupenda mtindo ule na kuuomba. Alikuwa hodari wa kufunika, na hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Wakashinda kesi. Mama Kitana akapata chumba chenye dirisha la barabarani, na hati kwa jina lake mwenyewe. Jumamosi iliyofuata mke wa Wakili alikuja kusukwa humo, rangi ya ukutani haijakauka. Mama Kitana aliongea bila kupumua: mashine ya kukaushia nywele itakaa hapa, sinki pale, kibao nje kitaandikwa hivi na hivi. Mwenzake alimwacha amalize.

"Kesi imekwisha, mdogo wangu," alisema.

Mama Kitana alielewa. Anasisitiza kwamba alielewa palepale, asije mtu akamtetea. Lakini aliutazama ukuta wake mpya, akamfikiria Wakili na lile koti lililompwaya, akajibu, "Imekwisha, dada, tumshukuru Mungu," akaendelea kusuka. Mke wa Wakili hakurudia. Alikuja miaka mingine sita, wakazungumza habari za watoto na za mvua, hadi figo zilipomwangusha akafariki.

Wakili alimfuata miaka kumi baadaye. Mji ulilia, na Mama Kitana alilia kweli. Mwaka jana ukumbi mpya wa manispaa ukapewa jina la Wakili, na Mama Kitana akaombwa aseme neno kwa niaba ya wanawake wa kesi ile. Alisimulia baraza, askari, jela na hati. Kila neno lilikuwa la kweli. Watu walisimama kumpigia makofi.

Siku tatu baadaye akaja kitinda mimba wa Wakili, mwanamke wa makamo, mwalimu. Aliketi kwenye kiti cha wateja lakini hakuvua kitambaa. Aliisifu hotuba, halafu akauliza kama mama yake aliwahi kumwambia jambo lolote.

Mama Kitana angeweza kusema hapana. Alimwambia yote, pamoja na jibu alilompa mama yake siku ile ya chumba kipya.

Binti akasema, "Mama mdogo, nilikuwa na miaka minane. Niliona mara moja tu, mlango ulikuwa wazi. Nikawaambia kaka zangu, wakasema nimeota. Mpaka leo nilikuwa naamini niliota."

Miaka yote Mama Kitana alidhani ukimya wake ni deni kati yake na marehemu. Hakujua kuna mtoto aliyekua ndani ya ukimya huo. Alifunga duka mchana kweupe, wakaenda pamoja kwa kaka mkubwa. Walipokewa vizuri, wakaletewa soda, wakasikilizwa hadi mwisho.

"Mama," kaka mkubwa alisema, "juzi ulisimama mbele ya watu ukasema baba alikuwa mkombozi wako. Leo unasema haya. Tushike lipi?"

"Yote mawili, mwanangu. Alinitoa barazani, na alimpiga mama yenu. Nilisema nusu kwa sababu nusu hiyo ilikuwa tamu kusema."

Kaka mkubwa alimsindikiza hadi getini kwa adabu zote. Tangu siku hiyo hajampigia simu hata kumjulia hali.

Binti huja. Mara nyingine huuliza nywele za mama yake zilikuwaje, na Mama Kitana humweleza: laini mbele, nzito kisogoni, zilikataa mafuta mengi.

Aliponisimulia haya, nilimuuliza kama angetaka jina la Wakili liondolewe ukumbini. Akasema hapana, amelistahili. Mwaka huu kamati imemwalika tena, naye amejibu kwamba atakuja wakimpa nafasi ya kumtaja na mkewe, na yaliyompata. Wamesema wanalifikiria.