Mitumbwi Iliyofutwa na Barua ya Flora

Flora Burito alizaliwa Manyamanyama, Bunda, katika nyumba iliyojua ng'ombe kuliko samaki. Labda ndiyo maana, alipopewa mkataba wa majaribio na kampuni ndogo ya Musoma atengeneze programu ya kusajili mitumbwi ya dagaa, alimwamini mno msaidizi wa akili mnemba. Msaidizi huyo aliandika kanuni iliyoonekana ya busara: mtumbwi usioleta dagaa kwa siku saba ufutwe, kwani mwenyewe ameacha kuvua. Flora aliikubali bila kuihoji.

Mwezi haukuisha. Hezron, mvuvi wa kisiwa cha Rukuba, aliingia ofisini.

"Binti, mbona mmenizika nikiwa hai?"

"Mzee wangu, siku tisa hukuleta dagaa."

"Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa watafuata taa ya nani? Siku hizo tunalalaga! Wewe umezoea ng'ombe, ee? Ziwa halikamuliwi kila asubuhi."

Flora alicheka, kisha akaona aibu. Aliisoma programu mstari kwa mstari, kazi aliyopaswa kuifanya mwanzoni. Alipomhoji msaidizi, akajibiwa waziwazi kwamba zile siku saba zilikuwa makisio tu. Hakuna aliyekuwa ameeleza namna wavuvi wanavyofanya kazi. Akaandika kanuni mpya inayoziruka siku za mbalamwezi, akampelekea meneja wake, Stanslaus.

"Iache ya zamani mpaka nyavu za msaada zigawiwe," alisema meneja. "Orodha ya mitumbwi nimeshaituma kwa wafadhili wanaozigawa. Nikiirudisha nitaonekanaje?"

Mitumbwi kumi na tisa iliyofutwa ikakosa nyavu. Wavuvi walipokuja juu, Flora aliwekewa mezani barua ya kukiri kwamba kosa lilikuwa lake peke yake.

"Bosi, si nilikuonya?"

"Sasa asaini nani, kompyuta? Weka saini, nikuombee ajira ya kudumu. Ukikataa, Ijumaa ndiyo mwisho wako."

Mimi ninayesimulia ni shangazi yake Flora. Nimefanya kazi maofisini miaka ishirini, nina shahada yangu, na bado sijamwona meneja akitakiwa kuelewa kosa. Hutakiwa kumpata mkosaji tu.

Flora alichukua kalamu, akaandika chini ya barua: "Kosa la kwanza ni langu. Nililigundua, nikalirekebisha, nikamweleza meneja kabla ya mgawo. La pili ni lake."

Ijumaa akaondoka. Stanslaus aliichana barua ile, akaandika nyingine ya kupewa waajiri wanaoulizia habari zake, isemayo kwamba binti huyu hana ujuzi wa kutosha. Hiyo ndiyo inayosomwa kila anakoomba kazi.