Usiku wa Adhuhuri

Watu huniuliza nani alinifundisha kuandika hadithi za watu wanaokwenda mwezini na mashine zinazosema. Wanataka niwatajie Mzungu. Mzungu gani! Nilifundishwa na mama yangu, hapo Kisarawe, na kwa miaka mwanamke yule hakukubali kusikia hata moja.

Kwake hadithi ni ya usiku. Ukisimulia mchana utaota pembe, basi, hakuna mjadala. Na mimi usiku wa kwetu sikuwa nao. Nilikuwa mwalimu kule Mbwawa. Jumamosi nafika kwa baiskeli, nala, kisha alasiri narudi, maana simba wa njia ile hawakuwa na masihara na mtu. Nilimsihi sana. "Mama, kidogo tu."

"Na hizo pembe utazivalia kofia gani?" Ananikatia hivyo huku ananiongeza mchuzi.

Nilitamani mno anisikie. Alisoma msahafu, lakini herufi zangu za shule hakuzijua. Kama si sikio lake, hadithi zangu hazikuwa na njia ya kumfikia.

Jumamosi moja nilifika nimenuna. Gazeti la mjini lilikuwa limenirudishia hadithi kwa mara nyingine: wanataka habari za mbolea na usafi wa vyoo, si za mihogo inayolimwa mwezini. Nikamwambia mama basi, naacha. Nitaandika ya vyoo.

"Unaacha?" akasema. "Na mimi sijasikia?"

Akainuka. Dirisha moja akaliziba kwa gunia, la pili akalitundikia kanga, mlangoni akaning'iniza mkeka, matundu ya ukutani akayasokomeza matambara. Nje jua kali; ndani hata mkono wangu siuoni. Kuku, masikini, wakachungulia ndani wakadhani magharibi imeingia. Wakapenya chini ya mkeka mmoja mmoja wakaenda kulala uvunguni.

"Haya," mama akasema gizani. "Usiku umeingia. Hata kuku ni mashahidi."

"Paukwa," nikasema.

"Pakawa!"

Jamani, lile joto! Jasho linanitiririka, nami nasimulia. Mkulima wangu akaunda chombo cha kumpeleka mwezini, akapakia vijiti vya mihogo, akawasha moto, chombo kikaanza kupaa.

"Ngoja," mama akasema. "Kamuaga mama yake?"

Mkulima sikuwa nimempa mama. Hadithi nzima, nyota zote zile, mtu hana mama!

"Mrudishe akaage. Mtu haendi mbali hivyo kama mwizi."

Nikamrudisha. Lakini alasiri ilikuwa imefika. Mama akashusha mkeka, jua likatuchoma macho, kuku wakatoka wamechanganyikiwa, nami nikapanda baiskeli nikamwacha mkulima wangu kasimama mbele ya mama yake, hajui aseme nini.

Njia nzima nilimtafutia maneno. Wiki ile sikuandika ya vyoo. Na mpaka leo hakuna mtu wangu anayekwenda kwenye nyota bila kuaga kwao. Wahariri hutaka kuifuta sehemu ile, nami hugombana nao.

Jumamosi iliyofuata nilifika jua likiwa la utosi. Uwanja mtupu, hata kuku mmoja hakuna. Madirisha yote yamezibwa, mkeka umening'inizwa mlangoni.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia upesi, usiniingizie mchana," mama akajibu kutoka gizani. "Enhe, alimwambiaje mama yake?"