Blanketi la Bibi Gertrude

Ni saa nane mchana, jua la Bunia linachoma mabati ya wodi ya watoto wachanga, na muuguzi Honorine Katsuva anamwondolea mtoto blanketi kwa mara nyingine. Amechoka. Hata viatu amevivua.

"Tate, umemufunika tena?"

"Mwili yake iko baridi sana!" anajibu Gertrude, bibi wa mtoto, au tate kama wasemavyo hapa. "Siye tulifunikaka batoto yetu yote. Weye uko na roho gani?"

Mtoto alizaliwa jana bila kulia. Ubongo wake ulikosa hewa. Mama yake bado amelala wodi nyingine, amepasuliwa. Daktari ameagiza mtoto apozwe kwa siku tatu, chupa za maji baridi zikiwa ubavuni, ili ubongo upumzike, usizidi kuharibika. Joto likipanda, kazi yote bure. Likishuka mno, moyo unaweza kusimama. Honorine analinda hapo katikati, kipimajoto mkononi.

Tiba hii haimfai kila mtoto, wala haiponyi wote.

"Bengine nilibapoza muzuri, na bakakufa," anasema Honorine, macho sakafuni.

Mwanawe Fiston ana miaka tisa na hajawahi kutembea. Naye alizaliwa kimya. "Tulimufunika mablanketi mbili. Hatukujua." Kila asubuhi humbeba mgongoni hadi kwa jirani, mtaani kwao Mbunya, ndipo aje kazini. Mgongo unamuuma, na hafichi.

Kugombana na mabibi pia kumemchosha. Leo anachukua lile blanketi, anamfunika Gertrude mwenyewe mabegani.

"Ipashe moto, Tate. Siku ya kumurudishia mutoto joto, tutaitaka."

Gertrude ananung'unika, lakini anakaa nalo, jasho likimtiririka.

Siku ya tatu inapoisha, bado amejifunika. Honorine anaondoa chupa moja moja, polepole sana, akipima kila mara. Mwisho ananyoosha mkono, anapokea blanketi kwa Gertrude, anamfunika mtoto. Mtoto anakunja uso, kisha analia kwa sauti nyembamba. Bibi naye analia.

"Atatembea?"

"Sijue, Tate. Tutaona."

Honorine anakaa, anatafuta viatu vyake kwa miguu. Ukimuuliza anatamani nini, anajibu:

"Kitu moja tu. Siku moja, ku barabara, mutoto wa hapa anipite mbio, ata asinisalimie."