Walivyomnyang'anya Baba Pwani Yake

Nilipokuwa mtoto pale Kiamunyi, nje ya Nakuru, watu waliamini kwamba anayetoka Mombasa harudi peke yake. Anarudi na jini. Jini humjengea nyumba na kumnunulia ng'ombe, halafu siku moja humdai damu ya mtoto, na asipotoa wake, litachukua wa jirani.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alipeleka unga Mombasa kutoka Nakuru na kurudi na mbolea. Alizaliwa Njoro, mtoto wa baridi na viazi, lakini pwani ilimwingia moyoni tangu safari ya kwanza. Jumapili alitupikia wali wa nazi huku mama akinung'unika kwamba hicho si chakula cha watu wazima. Alitufundisha kusema shikamoo wakati wenzetu walisalimiana kwa "sasa". Kila safari alituletea halua na kombe moja la bahari, akatuwekea sikioni mmoja mmoja. "Sikiza," angesema. "Hiyo ndiyo bahari." Makombe yakajaa dirishani. Majirani wakamwita Mombasa, mwanzoni kwa utani.

Tulipojenga nyumba ya mawe, utani uliisha. Hakuna aliyekumbuka usiku aliolala chini ya lori njiani. Mama Njeri, jirani ambaye hakuishiwa na sababu za kuja kuomba chumvi kwetu, alisema amesikia makombe yakilia. Watoto wake wakakatazwa kucheza nasi.

Kisha Njeri, kitinda mimba wake, akashikwa na degedege. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, baba yuko nyumbani. Aliposikia mayowe aliruka ua.

"Mama Njeri, ingia kwa lori twende hospitali."

"Siingii kwa lori yako mimi! Toa jini yako kwa mtoto wangu!"

"Basi nipe mtoto. Utanitukana tukifika."

Alimbeba Njeri, na mama yake ikambidi afuate. Hospitalini Njeri alitundikiwa dripu, na baba akakaa naye hadi joto liliposhuka.

Huku nyuma wanawake wa mtaa walifika kwetu wakiongozwa na mchungaji wa kanisa la mabati lililokuwa pale chini. "Mama, toa hizo vitu," mchungaji alimwambia mama yangu. "Mtoto wa wenyewe anakufa."

Mama akayatoa makombe. Nilimwona akiyashusha dirishani moja moja. Waliyaponda uani kwa nyundo ya baba, wakayamwagia mafuta ya taa, wakawasha moto na kuimba.

Njeri alipona. Mtaa mzima ukajua sababu: makombe yamevunjwa, jini limekimbia. Dripu haikutajwa na mtu.

Baba aliporudi alisimama mbele ya lile rundo jeusi. Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele. Akauliza tu, "Watoto wamekula?" Muda si mrefu aliomba kazini ahamishiwe safari za Eldoret. Hakukanyaga pwani tena. Sisi tukaruhusiwa kucheza na watoto wa jirani.

Mwaka huu tumemzika. Mama Njeri, sasa bibi mwenye mvi, alishika maikrofoni akamsifu: mtu wa familia, jirani mwema, "na akakubali kuachana na mambo ya Mombasa, Mungu akamwokoa." Watu wakaitikia amina.

Damu ilinipanda kichwani. Nilikwenda nikamnyang'anya maikrofoni.

"Mama Njeri, nani alimpeleka Njeri hospitali?"

"Hiyo ni kitambo, mwanangu. Leo ni siku ya kulia."

"Nani?"

Nikajibu mimi mwenyewe. Niliwaambia waombolezaji wote kuhusu lori na dripu. Njeri mwenyewe, ambaye sasa ana watoto wake, alimgeukia mama yake. "Mum, ni ukweli?" Mama yake akaanza kufunga leso upya. Njeri aliinuka, akaenda kusimama peke yake kando ya jeneza, akalia kwa sauti.

Wageni walipoondoka nilimuuliza mama kwa nini aliyatoa makombe yale.

"Sikuogopa majini," alisema. "Niliogopa watu. Wangechoma nyumba na nyinyi ndani."

Nimemwelewa, lakini sijapoa. Ndugu zangu wananiambia ni imani tu, watu hawakujua. Wengine labda. Mama Njeri alijua. Alikaa upande mmoja wa kitanda cha hospitali, baba akiwa upande wa pili, na akaja nyumbani akaacha uongo ule ukue kwa sababu ulimwondolea deni la kusema asante.

Na baba pia namkasirikia, Mungu anisamehe. Alitufanya sisi kuwa sababu ya kuiacha pwani, akanyamaza. Hata alipostaafu, kila nilipomwambia twende Mombasa, alisema ni mbali. Haikuwa mbali. Alikuwa akiijua barabara ile kona kwa kona.