Sange wa Kichaka cha Bibi

Rafiki yangu, sogea karibu nikusimulie, maana jambo hili limenikaa kooni, na nyumbani kwangu hakuna anayetaka kulisikia tena.

Nilikuwa studio kwangu, Mkomaindo, Masasi mjini, nampanga bwana harusi mkono wake ukae wapi, simu ikalia. Alikuwa binamu yangu wa kijijini Chilangala, mtoto wa shangazi. Hata salamu hakuimaliza. "Baba Zuhura, wiki ijayo tunafyeka kile kichaka cha bibi, tunapanda mikorosho. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia njiani." Nikamwacha bwana harusi na mkono wake hewani. Nikatoka nje, nikasimama juani kama mtu aliyeibiwa.

Wewe unanijua, lakini asiyenijua ajue. Shule niliishia darasa la nne. Masasi niliingia na kandambili, ya kushoto imeshonwa kwa waya, nikambebea mpiga picha mmoja begi lake mpaka akachoka yeye. Leo studio ni yangu, nyumba ni yangu na ina geti. Harusi ya maana, kuanzia huku mpaka Newala, nisipoonekana mimi watu wanauliza kuna nini. Na ule mtindo wa kumweka mtu na simba ni mimi niliyeuleta. Unakuja na koti la kuazima, unasimama mbele ya kitambaa changu cha kijani, kesho unachukua picha yako umeweka mkono juu ya kichwa cha simba, nyuma yako maporomoko ya maji. Panda kule juu, ingia nyumba yoyote, simba wangu yuko ukutani. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilibonyeza mpaka ikanitii.

Sasa mtu huyo huyo, aliyepiga picha nusu ya wilaya mbili, hana picha hata moja ya bibi aliyemlea. Hata ya pasipoti. Alifariki kabla sijajua kamera inashikwaje. Nilichobakiwa nacho ni kichaka kile. Nikienda nikakaa pale asubuhi, namwona ameinama, mgongo wake, kanga yake, uso wake na chale zake. Nikirudi mjini uso unafutika. Nakaa kitandani nautafuta, siupati. Ndiyo maana nilisimama juani.

Mama yangu alifariki mimi sijaanza hata kutembea vizuri. Baba akanipandisha Chilangala kwa mama yake, akaniacha huko. Bibi alikuwa mwembamba, ana kanga ya kazi na kanga ya msibani, na sauti ambayo ukiisikia ukiwa juu ya mti unashuka mwenyewe. Maji tulifuata bondeni. Kushuka unakimbia, kupanda unalia, na ole wako umwage. Msimu wa korosho nilizunguka chini ya mikorosho nikinyonga korosho kutoka kwenye mabibo, mikono inanata, shati lina madoa ambayo mpaka leo hakuna sabuni iliyozaliwa ya kuyatoa. Jioni bibi anatoboa bati kwa msumari, anakaanga korosho juu ya moto, mafuta ya maganda yanawaka fyaa, sisi tunakimbia moshi kwa sababu unababua. Kisha kisamvu kimetwangiwa korosho, na ugali wa muhogo mweupe kama bandeji ya hospitali. Nimekula hoteli kubwa mimi, rafiki yangu, nimepiga picha mikutano ya watu wazito wakala na mimi nikala. Sijakutana na kisamvu kile.

Lakini siku nilizozipenda ni za ming'oko. Vile viazi vya porini unavijua, vyembamba, vinajificha ardhini kama vina deni. Kiangazi bibi ananichukua alfajiri, umande bado, tunaingia kichakani. Kichaka chenyewe kinene, mtu mzima anaingia kwa kuinama. Bibi anafuata mtambaazi wa mng'oko kwa kidole mpaka chini, anachimba polepole asiuvunje, na mimi nashika kikapu.

Basi siku moja akasimamisha jembe. "Nyamaza. Mwenye pua anakuja."

Nikasikia majani makavu: chaka, chaka, kimya. Chaka. Akatokea mnyama mkubwa kuliko panya, mdogo kuliko sungura, miguu myembamba, na pua ndefu inachezacheza kama kidole kinachotafuta kitu mfukoni. Sange. Akapekua majani, akala vidudu vyake, akatuangalia, akaendelea na shughuli. Bibi akamwambia kwa sauti ya chini, kama anavyomsalimia jirani, "Karibu, na sisi tunachimba."

Watoto wenzangu walikuwa wakiwatega na kuwachoma pamoja na panya. Nikamwomba bibi na mimi nitege. Akanigeukia. "Ukimla huyu, asubuhi nitaongea na nani?"

Sikutega. Tangu hapo tulimwona mara nyingi, yeye au mwenzake, na mimi nilijifunza kukaa bila kukohoa, bila kujikuna, nikipumulia tumboni. Hiyo ndiyo shule yangu ya picha. Hizo lenzi zimekuja baadaye.

Haya, kesho yake baada ya ile simu nikapanda Chilangala na pikipiki yangu. Sasa lazima nikueleze jambo moja. Kwetu ardhi inafuata tumbo la mama. Bibi huyu ni mama wa baba, kwa hiyo kichaka ni cha ukoo wake: shangazi yangu na watoto wa shangazi. Baba angekuwa hai angekuwa na neno, lakini hayupo. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, wa Chiungutwa, ambako hata njia ya kisimani siijui. Yaani pale nilipoota meno ya utotoni mimi ni mgeni. Wa kupikiwa, wa kuheshimiwa, lakini mgeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa mpaka pikipiki imeinama."

Binamu yangu akatoka ndani ananoa panga. Yule ni mtani wangu, hajui kuongea na mimi bila kunichoma. "Baba Zuhura, una geti, una jenereta, una kisima chako mwenyewe. Kichaka cha nini? Unataka kufuga majini?"

"Niuzieni. Taja bei."

"Ukoo hauuzwi, mtani. Ingekuwa kuuza, ningeanza kukuuza wewe, kwa kilo."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Na kusema kweli sikuweza kumlaumu. Ana watoto wanaokua, shamba lake limegawanywa mpaka limekuwa uchochoro, na pale kijijini ardhi isiyolimwa imebaki hiyo tu. Nikamwambia, "Mle ndani kuna sange."

"Sange? Tangu tunakwenda jando sijamwona. Wameisha hao."

"Wapo."

Akanitazama, akaona sitanii. Akaweka panga chini. "Basi lete picha. Si ndiyo kazi yako? Nikiiona nampelekea mzee wa ukoo, nitamwomba tuache upande wa mteremko. Huko hata korosho haishiki vizuri. Lakini kabla ya siku ya kufyeka."

Nikalala kwa shangazi. Kila alfajiri niliingia kichakani kwa kutambaa, mimi na tumbo hili, nikakaa pale alipokuwa akikaa bibi. Mbu walinila. Chungu walipanda suruali. Siku ya kwanza waliruka ndege kwezi tu wakinicheka juu ya miti. Siku iliyofuata nikaona lundo la majani, limekusanywa vizuri kama mtu amefagia, nikajua hicho ni kitanda cha sange. Nikapata nguvu. Kutwa hakutoka. Studio walipiga simu wakachoka, nikaizima. Siku zilikuwa zinaisha, na mimi nimeanza kuomba kwa sauti, mtu mzima, nikiomba panya mwenye pua atoke nje.

Akatoka. Jua lilikuwa limepenya kidogo. Chaka, chaka, kimya. Pua kwanza, halafu jicho moja, mwili nusu uko nyuma ya jani. Nikapiga. Nimepiga mabibi harusi na wakubwa wa serikali, lakini siku ile nilibonyeza kabla hata sijapima mwanga. Picha ikatoka. Si nzuri sana, lakini ni yeye, hai, na jicho linang'aa. Nikashuka Newala mbio, nikaisafisha kwa ukubwa wa kutosha, nikarudi nayo imezungushiwa kanga ya shangazi isipate vumbi.

Tukakutana kwa mzee wa ukoo, sebuleni kwake. Binamu alinitetea vizuri, sitamsahau kwa hilo. Mzee akavaa miwani, akaishika picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. Kisha akainua macho ukutani. Pale ukutani alikuwepo yeye mwenyewe, ndani ya koti langu la studio, mkono uko juu ya kichwa cha simba.

"Mwanangu," akasema, "na huyu simba nilimshika lini?"

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Shangazi alijifuta machozi kwa kanga. Nikasema mzee, hii ni ya kweli, nakuapia kwa Mungu. Akatikisa kichwa. "Usiape. Huyu simba watu walinibishia, nikaapa mimi mwenyewe. Sasa nikuaminije wewe uliyemtengeneza?"

Nikamwonyesha ndani ya kamera. Akasema kamera ni yangu. Nikasema basi twendeni mkaone wenyewe. Wakaja kweli, kesho yake, jua limeshapanda, kundi zima, mmoja ana redio, mwingine anasimulia mechi, mzee anapiga majani kwa fimbo asikanyage nyoka. Nikawaonyesha lundo la majani. Mmoja akasema, "Hapa upepo umefagia." Nikawaambia wanyamaze. Wakanyamaza kwa muda wa kumeza mate, kisha mtu akapiga chafya, wakacheka, wakageuza.

Nilipiga magoti, rafiki yangu. Sikufichi. Mimi ambaye Masasi wanainuka nikiingia, nilipiga magoti kwenye njia ya mchanga, suruali ya kitambaa, nikamshika mzee miguu. Nikamwambia sitaki shamba, sitaki urithi, niachieni kipande kile cha mteremko tu. Shangazi ndiye aliyeniinua. "Inuka, mwanangu, watu wanakuangalia." Mzee akasema kwa upole kabisa, "Ungekuwa na kitu cha kweli cha kuonyesha, ningeacha. Neno langu ni hilo."

Siku ya kufyeka binamu aliwaalika watu wengi, shangazi akapika ugali na mbaazi sufuria mbili. Ningeweza kuondoka. Sikuondoka. Nikapiga picha kila kitu: mti kabla ya kukatwa, mti unaanguka, kisiki, mtambaazi wa ming'oko umening'inia bila pa kushika. Nilikuwa kama mwendawazimu, nabadilisha betri, napiga. Wafyekaji walikuja kwa mstari kutoka barabarani kuelekea mteremkoni, wanaimba, na kichaka kinapungua mbele yao kama sabuni kwenye maji. Ikabaki pembe moja, upana wa chumba. Nikamwita binamu. Pale ndipo penye kitanda cha sange. Hakunisikia, mapanga yalikuwa mengi.

Nikaona kitu kinachomoka kutoka kwenye majani, kinaruka. Mtu mmoja akapiga fimbo. Hakufikiria, ni mkono tu uliozoea kuwinda panya. Pembe ile ikafyekwa kabla vumbi halijatua.

Binamu yangu alikuja anakimbia, amemshika sange mikononi kama mtu aliyebeba yai. Hakuwa ananitania. Uso wake wote umefunguka. "Baba Zuhura! Ulisema kweli! Yupo! Mpige haraka, mpige nikiwa nimemshika, hii mzee hawezi kuikataa!"

Nikampiga. Nilijua mwanga, nilijua pembe. Kila unywele unaonekana. Pua imelala juu ya kidole gumba cha binamu yangu, haichezi tena.

Mzee akaitwa. Akaja polepole, akainama, akaigusa ile pua kwa ncha ya kidole. Akavua kofia. "Ni yeye," akasema. "Nimekukosea, mwanangu. Basi acheni upande ule wa mteremko, kama nilivyoahidi."

Watu wote wakageuka kuutazama upande ule. Mapanga yakashushwa. Hapakuwa tena na upande wa kuacha.

Leo ukipita utaona miche imesimama kwa mstari, inapendeza, na binamu yangu anaihangaikia kama watoto. Simchukii. Ananipigia simu, ananiita niende nile korosho za mwanzo zikija. Nikipanda huko nafika kwanza mle shambani asubuhi, nakaa chini kati ya mistari. Kutoka hapo siku hizi barabara unaiona yote, pikipiki zinapita, watu wananipungia mkono. Nafumba macho, namtafuta mwanamke mwembamba aliyeinama na jembe. Naona miche. Nafumba tena.