Ndoo mbili nilizoongeza kwenye pipa, mwaka kipindupindu kilipotufungia vibanda vya kivukoni Ifakara

Wakuu, habari za huko mlipo. Walionizidi umri, shikamooni.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za vijana waliosimamishwa kazi wakati wa korona, wakasema vichwa viliwachezea. Nikaona na mimi nitoe langu la miaka ya tisini. Nitaandika niliyoyaona mwenyewe. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Shule yangu ni darasa la saba, mtanivumilia, ila nilikuwa na daftari naandika kila siku na bado ninalo.

Nilikuwa na kibanda cha chakula upande wa Ifakara, pale kivukoni watu wanaposhukia wakivuka mto kutoka Lupiro. Wali na samaki kitoga wa kuchemsha, ugali, chai. Kina mama walikuwa wengi, wanaume tulikuwa wawili tu. Walitutania sana, ila wateja nilikuwa nao.

Ukawa ule mwaka wa mvua zisizokatika. Mto ukapanda, vyoo vikajaa maji, na kipindupindu ambacho tulikuwa tukikisikia redioni kwa mikoa ya wenzetu kikafika kwetu.

Bwana afya wetu (jina naliacha) akapita kibanda kwa kibanda. Maji ya kunywa yachemshwe. Beseni la kunawia liondoke, mteja amiminiwe maji mikononi. Tukaitikia wote.

Na mimi nilichemsha kweli. Nilikuwa naamka alfajiri, nachemsha sufuria tatu kubwa, namimina kwenye pipa, nafunika.

Sasa siku moja abiria wakashuka wengi kwa mkupuo. Saa saba kata ikawa inakwaruza kitako cha pipa. Jiko moja lina wali, jingine lina samaki, watu wanaita. Nikachukua ndoo mbili za maji ya mto nikamimina humo humo juu ya yale yaliyochemshwa.

Nilijiambia yaliyoiva yatayapoza makali yale mabichi. Mnacheka, ila wakati ule niliona ni akili.

Aliyekunywa nikiwa namtazama ni Valeriani, mpiga kasia wa mitumbwi, mteja wangu wa kila siku. Vikombe viwili. Akashukuru akaenda zake.

Siku ya tatu nikasikia Valeriani kabebwa kwenye machela ya kamba hadi kambi ya wagonjwa. Kesho yake vibanda vyote vya mtoni vikafungwa. Niseme haki, havikufungwa kwa sababu yangu. Wagonjwa walikuwa wametoka kila upande, na mimi ningekuwa bwana afya ningefunga vilevile.

Hapo ndipo kukaa nyumbani kulipoanza.

Wakuu, mtu aliyezoea kuamka alfajiri haachi kuamka eti kwa kuwa kazi haipo. Nilikuwa naamka nakaa kwenye kigoda. Kuna ukurasa kwenye daftari una neno moja tu limerudiwa: nimekaa, nimekaa, nimekaa.

Tumbo likinguruma najua zamu yangu imefika. Moyo unakwenda mbio bila kukimbia. Nilinawa mpaka vidole vikaanza kubanduka. Nikachemsha kila kitu, hadi mke wangu Yustina, aliyekuwa akirudi na kuni kutoka shambani Michenga, akasimama mlangoni akaniangalia.

"Baba Oswini, sasa hata maji ya kuku unayachemsha?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kijiweni wenzangu walisema bwana afya ana chuki na wauza chakula. Wengine walisema ile dawa anayotia visimani ndiyo inaleta ugonjwa. Nilijua si kweli, nikanyamaza, na ukimya wangu wakauhesabu kuwa nakubaliana nao. Hilo nalo ni kosa langu, naliandika hapa.

Habari njema ni kwamba Valeriani alipona, akarudi kwake. Mimi badala ya kwenda kumjulia hali nikabadili njia. Nikawa nazungukia nyuma ya mashamba ya mpunga ili nisipite mlangoni kwake. Mteja wangu wa kila siku!

Ikafika asubuhi moja bwana afya akaegesha baiskeli kwangu. Alitaka mtu wa kusimama kivukoni, achanganye dawa ya maji, awamiminie watu wanawe kabla ya kuvuka. Posho ilikuwepo ndogo. Akasema nafaa kwa sababu watu wananijua.

Kazi niliyoililia ndiyo hiyo mbele yangu. Nikikubali, namdanganya mtu anayeniamini. Nikikataa, narudi kwenye kigoda.

Nikamwambia yote. Pipa, ndoo mbili, Valeriani. Nilisimama kama mtoto aliyevunja chungu.

Akasema, "Nimepita vibanda vyote hapa. Kila mtu kaniambia anachemsha, haongezi hata tone. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli. Kesho saa kumi na mbili uwe kivukoni."

Akaongeza kwamba kwanza niende kwa Valeriani. Hakunibembeleza kwa hilo.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta anashona wavu, mashavu yamebonyea. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitazungumzia mvua.

Akaniangalia juu mpaka chini.

"Bwana wee, mimi nakunywa mto huu kwa kiganja tangu nazaliwa, nikiwa katikati ya maji. Leo unataka sifa kwamba vikombe vyako viwili ndivyo vilivyoniangusha?"

Kisha akapunguza sauti. "Ila kupita nyuma ya mashamba, hilo nimeliona. Hilo ndilo lililoniuma."

Nilivuta kigoda, nikashika upande wa pili wa wavu.

Kesho yake nilisimama kivukoni. Kila aliyekuja kuvuka nilimwambia kwa mdomo wangu kuwa niliwahi kuongeza maji mabichi kwenye yaliyochemka, na kwamba mabichi hayapozwi makali hivyo. Wengine walinicheka, wengine walinitukana, ila walinawa. Usingizi ukarudi ndani ya wiki, na moyo ukatulia.

Je, ni maji yangu yaliyomwangusha Valeriani? Mpaka leo sijui. Huenda alinipa lile jibu kwa huruma tu. Nimekubali kuishi bila kujua.

Nilichokiokota ni hiki: kazi ikisimama, lile jambo ulilokuwa unalikimbia kwa kuwa bize linakuja kukaa na wewe. Dawa niliyoiona mimi ni kumfuata mwenye jambo lake ukalisema. Sisemi itamponya kila mtu, kuna wanaohitaji daktari na waende.

Kama nimejihurumia mahali, nisemeni tu. Na wewe uliyekaa nyumbani sasa hivi, ni mlango wa nani unaoukwepa?