Sabuni ya Asali Haifunikwi

Siku ya kwanza niliyoingia kazini niliharibu kitenge kipya kabla ya saa tatu asubuhi. Nilikuwa msichana wa hapa hapa Kamina, nimetoka shuleni na cheti changu cha ushonaji, na nilidhani kwenye foyer, nyumba ya kufundishia akina mama kazi za mikono, wangenikalisha mbele ya cherehani. Walinipa ndoo. Masista Direktrise, mkubwa wetu, akanionyesha pipa la bluu lenye sude, ile soda kali ya kiwandani inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Punje moja ilirukia kitenge changu kilicholoa, na nilipotazama tena palikuwa na tundu.

"Uko na bahati," alisema Masista huku akinimwagia maji. "Kama ingekuwa jicho, sasa hivi tungekuwa tunalia. Sikiliza muzuri, Ngoie. Sude njo inaingiaka mu maji. Maji haiingiake mu sude, hata siku moja."

Maana ukimwagia sude maji, inachemka papo hapo na kukutemea usoni. Hilo nililishika siku ile ile, na macho yangu yote mawili ninayo mpaka leo.

Tulitengeneza sabuni ya baridi. Haiwekwi motoni baada ya kuchanganywa. Unayeyusha sude katika maji, unayaacha yapoe. Unapasha mafuta ya ngazi, yaani mawese, mpaka yalainike, nayo unayaacha hadi mkono uweze kushika ubavu wa sufuria. Kisha unamimina maji ya sude ndani ya mafuta na kukoroga kwa mwiko wa mti, upande mmoja tu, hadi uji uwe mzito na tone likidondoka juu lisizame bali liache alama. Alama ikionekana, unamwaga kwenye visanduku vya mbao. Hapo sabuni ilikuwa "inalazwa": tuliifunika kwa blanketi mbili, na majira ya baridi tatu, kwa sababu sabuni changa hujitengenezea joto lake na joto hilo ndilo linaloiivisha. Kesho yake tunakata vipande na kuvipanga juu ya chanja kwa wiki tano au sita. Masista alikuwa akigusa kipande kwa ncha ya ulimi. Kikimwuma, kinarudi chanjani.

Blanketi zile nilizifua na kuzitunza mimi. Nilizipenda, na nadhani niliipenda pia hiyo sheria ya kulaza sabuni kuliko sheria nyingine zote za kazi, kwa kuwa ilikuwa yangu.

Baada ya miaka michache nilitumwa Kaniama kufundisha wake wa wakulima. Mkubwa wangu huko alikuwa Animatrise, msimamizi wa mafunzo, mama mfupi asiyecheka, aliyenikataza kukisia. "Kwa macho unaweza chagua bwana ya kuoa," aliniambia mbele ya wanafunzi wote. "Sude unapima na mizani." Sikumpenda wakati ule. Leo namshukuru, kwa kuwa sabuni yangu haijawahi kumchubua mtu ngozi.

Niliporudi Kamina, miaka ya tisini ilikuwa imetukalia vibaya. Treni ilipita siku ikitaka. Kisha vita vikaja, na njia ya reli ikafungwa upande mmoja baada ya mwingine. Mafuta ya kokwa za ngazi, yale yanayoipa sabuni povu, hayakufika tena. Tulibaki na mafuta mekundu ya kawaida, na sabuni yake ilikuwa ngumu kama tofali, povu hakuna. Pipa la sude lilishuka chini ya nusu, na hakuna aliyejua lingine litatoka wapi. Wakati huo huo mji ulijaa watu waliokimbia vita, na materniti, hospitali ya wazazi, iliomba sabuni kila wiki.

Katika watu hao alikuja Mama Zaina. Alikuwa wa familia ya Waislamu wafanyabiashara wenye asili ya Maniema, mwenye watoto watatu, na mumewe hakujulikana aliko. Kabla ya vita yeye na mumewe walikuwa wakiuza asali na sabuni. Masista alimpa kazi kwetu, pamoja na chumba cha nyuma ya karakana alale na watoto. Chumba kilifuata kazi. Bila kazi, ni kule kwenye mahema ya wakimbizi.

Yeye ndiye aliyesema tutie asali. Sukari ya asali huleta povu, na huilainisha sabuni isikaushe ngozi. Alichuja asali ya porini kwa kitambaa ili itoke nta na majivu, akapima kijiko kimoja cha mezani kwa kila kilo ya mafuta, akakikoroga katika maji kidogo ya baridi, na kuimimina pale tu uji ulipoanza kuacha alama. Kulitoka harufu kali iliyotufanya tukohoe, na rangi ikageuka ya machungwa yaliyoiva. Tulijaribu kwanza kwenye bakuli moja. Wiki sita baadaye Masista alinawa mikono kwa sabuni ile, akatazama povu, akanawa tena bila sababu.

"Tunafanya mingi," alisema. "Ya materniti yote."

Tukapima robo nzima ya sude iliyobaki. Ilikuwa mwezi wa saba, ule wenye baridi ya Kamina inayofanya vidole vigome. Tulikoroga asubuhi, visanduku sita vikajaa, na kabla ya kwenda kuswali na kuwapa watoto chakula Mama Zaina aliniambia wazi:

"Mama Ngoie, hii usiifunike. Asali iko na moto yake. Uiache wazi, mu baridi."

Niliitikia. Lakini alipoondoka niliingiwa na kiburi cha mtu wa zamani kazini. Bakuli lile la majaribio liliachwa wazi maana ni dogo, nikajiambia, na hivi visanduku vitashikwa na baridi vitoe unga mweupe juu. Mgeni wa miezi miwili atanifundisha mimi kulaza sabuni? Nikaleta blanketi zangu tatu, nikavifunika vizuri, nikaenda kula.

Niliporudi saa nane, sabuni ilikuwa imefura na kupasuka katikati, inamwagika chini ya meza, na maji ya kahawia yanatoka kwenye nyufa. Blanketi zilikuwa zimeloa. Nilifanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma: nilizivuta blanketi, nikazisokomeza ndani ya stoo, nikafunga mlango.

Masista aliingia, akasimama. Wenzetu wawili wakaingia nyuma yake, na mmoja akawalaumu wageni kwa sauti, "Iko asali. Tulisema shiye. Bintu bya bageni."

Mama Zaina alikuja wa mwisho. Aliinama juu ya kisanduku cha kwanza, na nikamwona akichomoa kutoka katika sabuni uzi mwekundu, uzi wa blanketi yangu. Aliuviringisha kati ya vidole. Akanitazama. Kisha akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, akasimama kando.

"Mama Zaina," Masista alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka, "hii sude haina ingine. Sitaweza kukubakisha. Leo saa kumi na moja utaenda kujiandikisha na benzako kule ku mahema."

"Njo vile, Masista," Mama Zaina alijibu. Akaenda chumbani. Kupitia dirishani nilisikia sufuria zikiwekwa ndani ya sufuria, na mtoto wake mdogo akiuliza wanakwenda wapi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikimbia kusema kweli. Sikukimbia. Nilishika fagio, nikafagia sakafu iliyokuwa safi. Nilifikiria kazi yangu, jina langu, miaka yangu yote ya kuitwa fundi. Nilifagia hadi jua likafika kwenye mlango wa stoo, na saa kumi na moja ikakaribia. Ndipo nikaona aibu iliyozidi ile niliyokuwa nikiikimbia, nikafungua mlango, nikazibeba blanketi zile nzito zinazonuka hadi mezani kwa Masista.

"Minyi njo nilifunika," nilisema. "Yeye alinikataza."

Masista aliinuka. "Unijibu mbele yake," alisema.

Tulikwenda wote. Nilirudia maneno yale yale mlangoni mwa chumba, mbele ya mabunda yaliyokwisha fungwa na watoto waliokwisha vaa viatu. Nililia, sioni haya kusema. Mama Zaina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea:

"Mulikwisha itupa?"

"Bado," nilisema.

"Basi ile sabuni haikufa. Ilishikwa tu na homa. Lete mwiko."

Tuliikwangua yote, ya visandukuni na ya mezani, tukairudisha kwenye sufuria kubwa, maji yake ya kahawia humo humo kwa kuwa sude ilikuwamo. Tulikoroga sote wanne, na Masista akakunja mikono ya nguo akawa wa tano. Ilipotulia tuliimwaga upya, tukaipeleka nje kwenye baridi, wazi. Ilitoka mbaya kwa sura, yenye mabaka na matundu. Wiki sita baadaye haikuuma ulimi. Materniti waliimaliza, wakaomba nyingine, na kwangu mimi Masista alitoa adhabu moja: kuanzia siku ile Mama Zaina ndiye fundi wa asali, nami msaidizi wake. Nilikuwa msaidizi wake mpaka vita vilipokwisha, na sijapata mwalimu mwingine kama yeye.

Treni ilipoanza tena kupita, alipata habari kwamba mumewe yu hai, akafunga mizigo kurudi kwao. Nilimsindikiza stesheni. Hapo ndipo nilipothubutu kumwuliza kwa nini hakutoa ule uzi mbele ya Masista.

"Nyumba, nilikwisha zoea kuipoteza," alisema. "Lakini huku rafiki nilikuwa na mumoja tu. Kama minyi ningesema, ningebakia na chumba, na weye ungeenda. Nikakungoja useme mwenyewe."

Sasa nimestaafu. Wasichana wanakuja nyumbani kuniuliza kipimo cha asali, nami nawapa: kijiko kimoja kwa kilo, maji ya baridi, wala usifunike. Nashukuru kwa mengi, kwa Masista, hata kwa Animatrise na mizani yake. Lakini kila nikiomba, namtaja kwanza mwanamke aliyeningoja. Alinipa tangu saa nane mpaka saa kumi na moja. Nami, Mungu anisamehe, nilizitumia karibu zote.